Injini Moja, Watu Kumi na Wawili: Kupanga Wahusika wa Riwaya ya Mpelelezi Mdogo

Tuseme injini ya boti imetoweka Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria mjini Kisumu. Ni injini ya nguvu za farasi 15, mali ya kikundi cha wavuvi walioinunua kwa mkopo, na usiku huo ilikuwa imefungiwa stoo ya ufuo kama kawaida, maana hakuna mvuvi Kisumu anayeacha injini kwenye boti akaenda kulala. Asubuhi mlango umefungwa vizuri, kufuli ni zima, injini haipo. Ni likizo ya Aprili. Akoth, msichana wa miaka kumi na miwili, yuko papo hapo ufuoni akimsaidia nyanyake kuuza chai.

Hicho ni kisa, na visa vya namna hiyo havikosekani. Kazi iko kwa watu. Mwandishi anayeanza huwa na mwizi kichwani na mtoto hodari wa kumnasa, halafu katikati anatupia majirani wa kujaza kurasa. Mpelelezi anazunguka na daftari, kila anayeulizwa anajibu ukweli, na mwizi anajulikana mapema kwa kuwa ndiye peke yake anayetokwa na jasho. Ukitaka kuepuka hilo, usimruhusu mtu kuingia kitabuni mpaka umjibie maswali mawili. Anajua nini ambacho wengine hawakijui? Na anaficha nini ambacho hakihusiani na wizi? Asiyejua kitu hana kazi. Asiyeficha kitu ni hatari zaidi, kwa sababu atamweleza mpelelezi kila alichokiona, na kitabu kitaishia sura ya tatu.

Riwaya ya maneno 20,000 hadi 25,000, ya wasomaji wa miaka tisa hadi kumi na mitatu, inabeba watu kumi na wawili wenye majina. Wakizidi hapo, waite kwa kazi zao: kondakta, karani, mwuza maji. Usitambulishe zaidi ya watatu katika sura moja, na kila mmoja umpe kitu cha kushikika anapoingia, kama vile kofia, kikohozi, au baiskeli isiyo na kiti. Maelezo ya sura na rangi ya macho mtoto huyaruka.

Mwizi atangulie

Panga kuanzia kwa mwizi, kwa kuwa makosa yake ndiyo yatakayoamua mashahidi unaowahitaji. Katika mfano wetu mwizi ni Mwalimu Gor, mwalimu mstaafu na mhazini wa kikundi. Alichukua akiba ya wenzake kulipia matibabu ya bintiye, hesabu zinakaguliwa wiki ijayo, na injini ikiuzwa pesa zitarudi kabla vitabu havijafunguliwa. Mtoto wa miaka kumi anaielewa sababu hiyo bila kuelezwa mara mbili: aliogopa kuaibika. Deni, wivu, hofu na ahadi iliyovunjwa ni sababu zinazofanya kazi katika vitabu vya umri huu. Utakatishaji wa pesa na zabuni za kaunti hazifanyi kazi. Utatumia kurasa nne kueleza na msomaji atakuwa ameenda kucheza.

Msomaji lazima ampende Mwalimu Gor. Huyu ndiye anayewafundisha watoto sehemu na desimali chini ya mti wakati wa likizo, na mandazi hununua yeye. Awepo sura ya kwanza, aseme jambo, afanye jambo. Padri Mwingereza Ronald Knox, aliyeandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, aliiweka hii namba moja: mhalifu atajwe mapema. Kwa watoto ningeikaza zaidi. Atajwe ndani ya robo ya kwanza, na asipotee zaidi ya sura mbili mfululizo, kwa sababu msomaji mdogo anayemaliza sura moja kila jioni atakuwa amemsahau.

Sasa muundie uongo. Uongo wa mwizi uwe mahususi, wenye saa na mahali, ili uweze kuvunjika. “Nilikuwa nimelala” haufai. Hauna pa kuushikia. Mwalimu Gor anamwambia Sajini Chebet wa polisi kwamba aliamka saa tisa usiku kwenda msalani, na kwa mbalamwezi akamwona Oti, mvuvi kijana, akitoka upande wa stoo na mzigo begani. Ndani ya sentensi hiyo kuna saa, mtu, mwanga na mzigo, na vyote vinne vinaweza kukaguliwa na mtoto.

Chukua mzigo. Injini ya ukubwa huo, ya aina yenye oili yake yenyewe badala ya kuchanganyiwa kwenye petroli, ina uzito wa kilo 50 hivi. Kijana mwenye nguvu ataiinua, lakini hataibeba begani mwendo mrefu gizani kama gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Kwa hiyo mwizi yeyote alihitaji toroli, mkokoteni au chombo cha magurudumu, na papo hapo unajua kwamba kitabu chako kinahitaji dereva. Ndivyo orodha ya wahusika inavyojijenga yenyewe: uzito wa injini umemleta Shikuku wa tuk-tuk, ambaye hukuwa naye dakika moja iliyopita.

Siri inayofungua siri nyingine

Oti ndiye mshukiwa mkuu, na anadanganya. Anasema alikuwa nyumbani. Hakuwa nyumbani; alikuwa ziwani akivua omena, na ni Aprili. Kila mwaka uvuvi wa omena katika upande wa Kenya wa ziwa hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na anayekamatwa ana kesi. Kijana huyu hajaiba kitu, lakini akisema ukweli atajitia mashakani kwa kosa jingine. Uongo wa aina hii ndio uti wa mgongo wa kitabu. Una sababu, unamtia hatiani asiyehusika, na mtu mzima mwenye sare hawezi kuutoa kwa maswali, ilhali mtoto anayechota maji jirani na boti anaweza kuuona kwenye nyavu zilizolowa.

Lakini jambo zuri liko mbele zaidi. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Samaki huifuata nuru, na usiku wa mwezi mpevu taa haina maana, kwa hiyo wavuvi hupumzika mwezi unapokuwa mkubwa na hurudi ziwani giza likirudi. Oti akishakiri kwamba alikuwa na taa zake majini usiku ule, amekiri pia kwamba usiku ule ulikuwa wa giza. Basi Mwalimu Gor alimwona kwa mbalamwezi gani?

Hapo siri ya asiye na hatia imekuwa ufunguo wa kuvunja uongo wa mwenye hatia. Jaribu kuhakikisha kwamba angalau siri mbili kitabuni zinafanya kazi hiyo. Siri zinazofichuliwa tu na kuachwa, kama vile jirani aliyedhaniwa mwizi kumbe anapika chang'aa, hujaza sura lakini haziongezi kitu.

Ukihamisha kisa hiki kutoka Aprili hadi likizo ya Agosti, kila kitu kinabadilika. Uvuvi umefunguliwa, Oti hana sababu ya kuficha, na kitabu kinaporomoka. Ila unaweza kukigeuza: mwizi awe mvuvi anayedai alikuwa ziwani na taa zake usiku ambao, ukihesabu, mwezi ulikuwa mpevu. Kalenda ni mhusika wa kumi na tatu. Kabla ya kuandika, chagua mwezi, tarehe na hali ya mwezi angani, na usibadilishe tena. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi; juma moja baadaye haupandi mpaka karibu usiku wa manane. Mwandishi anayesahau hilo atamwangazia mwizi njia kwa mbalamwezi Jumatatu na tena kwa mbalamwezi Jumatatu inayofuata, saa mbili usiku ileile, na watoto wa ufuoni watamcheka.

Fundi Rasto ni mshukiwa wa pili. Anajua injini, ana spana, na ameonekana akipiga simu usiku mbali na nyumba yake. Siri yake: amepata kazi Mwanza na hajajua jinsi ya kuiambia familia. Mtoto wake, Wekesa, yumo katika kundi la Akoth, na hapa mambo yanauma. Upelelezi wa watoto bila jamaa wa karibu kushukiwa hubaki mchezo.

Wengine niwapitie haraka. Jaduong' Yona, mwenyekiti wa ufuo, ana ufunguo wa pili, na usiku ule alikuwa matangani. Aliuacha chini ya jiwe na hataki kusema kwa kuwa kiti chake kitaenda. Mama Vero, anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, huamka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua mifupa Obunga. Aliiona tuk-tuk ikipita bila taa, lakini anadaiwa na Mwalimu Gor shilingi 3,000 na hataki neno lolote na barabara ile. Moraa ni wakala wa M-Pesa. Anajua nani aliweka pesa nyingi Jumatano, na hasemi.

Huyu Moraa nimkalie kidogo, kwa sababu waandishi humtumia vibaya. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kila muamala una ujumbe wenye jina, kiasi, tarehe na saa, na kishawishi cha kumfanya wakala amfungulie mtoto daftari ni kikubwa. Usifanye hivyo. Wakala anayetoa habari za wateja kwa mtoto wa Gredi ya 7 haaminiki, na pia anakuharibia kitabu, kwani shahidi mmoja amekuwa mlango wa kila kitu. Mwache akatae, kwa upole na kwa sababu. Ujumbe utokee kwenye simu ya mtu anayeumiliki, yaani Shikuku, aliyelipwa saa kumi na dakika hamsini alfajiri kutoka namba ya mke wa Mwalimu Gor, na ambaye mpaka leo anaamini alibeba injini ikapelekwe kutengenezwa.

Majina yanayogongana

Mwandishi wa Kisumu ana tatizo ambalo mwandishi wa Mombasa hana. Ochieng, Otieno, Odhiambo, Onyango, Okoth, Ouma: majina sita ya wanaume wa Kijaluo yanayoanza na herufi moja, na ya wanawake ni Achieng, Atieno, Adhiambo, Anyango, Akoth, Auma. Weka wanne kati yao kwenye ukurasa mmoja na msomaji mwenye miaka kumi hatajua nani alikuwa na ufunguo. Katika riwaya ya mapenzi angevumilia. Katika upelelezi, kuchanganya majina mawili ni kupoteza kitabu kizima.

Dawa imo katika jinsi watu wanavyoitana. Mke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka: nyanya yake Akoth ni Nyar Seme, na hakuna anayemjua kwa jina jingine. Mzee ni jaduong'. Mama huitwa kwa mtoto. Fundi ni Fundi. Jina la ubatizo hukatwa likawa fupi: Erasto akawa Rasto. Na mji wenyewe umechanganyika tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, kwa hiyo Wekesa wa Bungoma, Moraa wa Kisii na Zuhura mwenye duka la babake si wageni wa kubandikwa. Angalia orodha yetu: Akoth, Chebet, Gor, Moraa, Nyar Seme, Oti, Rasto, Shikuku, Vero, Wekesa, Yona, Zuhura. Herufi kumi na mbili, hakuna iliyorudiwa. Ni kazi ya robo saa na inaokoa malalamiko mengi.

Majina pia hubeba habari, na mpelelezi wa huku anazisoma. Opiyo na Odongo ni pacha. Okello amezaliwa baada ya pacha. Kanuni ya mwisho ya Knox inakataza kuleta pacha bila kumwandaa msomaji, na hapa jina lenyewe ni maandalizi ya haki. Ila usilitegemee kupita kiasi: wengi wamerithi jina la babu, na Opiyo asiye na pacha ni mtego mzuri zaidi.

Jambo moja nalisema wazi. Kabila la mwizi lisiwe kidokezo. Wahusika wakiwa wa jamii nne au tano, na mwizi akawa ndiye pekee wa jamii yake, umeandika kitu kingine kabisa, hata kama hukukusudia, na wazazi wa Nakuru na Kisumu watakiona kabla mhariri hajakiona. Vivyo hivyo kwa mitaa. Kumfanya mwizi atoke Nyalenda au Obunga kwa kuwa ni mitaa ya mabanda ni uvivu. Mwalimu Gor ana nyumba ya matofali na bustani ya maua.

Akoth na wenzake

Mpelelezi awe na mwaka mmoja au miwili juu ya msomaji wake. Watoto husoma kwenda juu. Gredi ya 7 ni mahali pazuri, kwa kuwa ana akili ya kupanga hoja lakini bado anatumwa dukani, na kutumwa dukani ni leseni ya kupita kila mahali.

Anza na vitu asivyoweza. Hana kitambulisho, kwa hiyo hana laini yake. Haingii baa wala lojing'i. Hamhoji askari. Kisumu jua huzama karibu saa moja kasorobo jioni mwaka mzima, na giza likiingia lazima awe nyumbani, la sivyo Nyar Seme atasimama njiani na mwiko. Nauli yake ni shilingi 50 zilizobaki kwenye chenji. Vizuizi hivi ni msaada mkubwa kwa mwandishi, kwa sababu kila kidokezo kitalazimika kupatikana mchana, kwa miguu, kutoka kwa watu wanaomjua. Ukimpa simu kubwa yenye intaneti, mashaka yote yataisha kwa kutafuta na kupiga picha. Ikibidi simu iwepo, iwe ya duka, na iwe na zamu.

Mpe uwezo mmoja na udhaifu mmoja wenye gharama. Akoth ana jicho, anaona kilichohama. Udhaifu wake ni haraka ya kusema. Katikati ya kitabu, mbele ya watu, anamtaja Fundi Rasto, na Wekesa anaondoka kundini kwa sura tatu nzima. Watoto wenye vipaji vinne na bila kosa hata moja wanachosha, na ni wengi mno kwenye miswada.

Wekesa anajua injini kwa kuwa amekulia gereji. Yeye ndiye anayejua kwamba injini ya aina ile hailazwi ovyo. Ina upande wake, na ukiilaza upande usiofaa oili huvuja. Kwa hiyo doa la oili kwenye kiti cha tuk-tuk linamwambia kwamba aliyeipakia si fundi wala mvuvi. Ushahidi ulioonekana kumtia babake matatani ndio unaomtoa. Zuhura anajua mwezi: kwao siku za mwezi wa Kiislamu zinahesabiwa ukutani, na usiku wa wizi ulikuwa wa kuamkia tarehe 28, wakati mwezi mwembamba hutokea karibu na alfajiri tu. Oti akikana au asikane, Zuhura anajua ulikuwa usiku wa giza. Mwandishi mwangalifu ataweka uthibitisho huu wa pili, kwa kuwa neno la mshukiwa peke yake halitoshi.

Kundi lisizidi wanne. Watatu ndio rahisi, na sababu imo katika lugha yetu. Kiswahili hakitofautishi mvulana na msichana kwenye kitenzi. “Alisema”, “akacheka”, “akamvuta” ni kwa yeyote. Mazungumzo ya watoto watano bila majina huwa ukungu mtupu. Mtofautishe kila mmoja kwa namna ya kusema: Wekesa hajibu swali kabla ya kuuliza lake, Zuhura husema kwa idadi, Akoth hakati sentensi. Jaribio ni rahisi. Funika majina kwa karatasi, soma ukurasa wa mazungumzo. Ukishindwa kujua nani anasema, andika upya.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni zawadi ambayo mwandishi wa Kiingereza angetoa chochote aipate. Shahidi anaweza kusema “alipita amejifunika koti refu, akaingia kwenye tuk-tuk” na hajaficha kitu, hajasema uongo, lakini hatujui kama ni mwanamume au mwanamke. Mama Vero aseme hivyo hivyo. Msomaji atajaza mwenyewe, na atajaza vibaya.

Maswali ya mtoto kwa mkubwa yawe ya mtoto. Hivi:

“Braza Shikuku, kiti chako kimefanya nini?”

“Oili imemwagika. Kwani umekuwa askari?”

“Oili ya tuk-tuk?”

“Ya nani tena.”

“Si injini yako iko huko nyuma chini? Hii imemwagikia juu ya kiti.”

“Nyaminwa, enda nyumbani. Nyar Seme anakuita.”

Hakuitwa. Hakuna aliyelaumiwa, hakuna aliyekiri, na msomaji ameona kila kitu alichoona Akoth. Mtoto anayesema “nakushuku wewe kwa sababu zifuatazo” mbele ya mtu mzima hayuko Kisumu, yuko kwenye filamu.

Suala la msaidizi linahitaji neno. Fasihi yetu ina jozi ya kujifunzia: Bwana Msa na Najum wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye mswada wake wa kwanza ulishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Najum si mjinga. Ni mtu wa akili ya kawaida anayesimama karibu na mtu wa akili nyingi, na kupitia kwake tunapata kuuliza. Kosa la vitabu vya watoto ni kumfanya msaidizi mnene anayependa chakula. Achana naye, tumeshamchoka.

Wakubwa na askari

Sajini Chebet asiwe mpumbavu wala mla rushwa. Ni njia mbili rahisi, na zote zinamdhulumu msomaji. Amefanya kazi yake: wizi umeandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, stoo imekaguliwa, Oti amehojiwa. Anakwama kwa sababu watu hawamwambii asichopaswa kukijua. Oti hawezi kumwambia kuhusu omena, Yona hawezi kumwambia kuhusu jiwe. Hili ndilo jibu la swali ambalo kila msomaji mkali atakuuliza: kwa nini mtoto ajue na polisi wasijue? Usipokuwa na jibu lake kabla ya kuandika sura ya kwanza, usiandike.

Mwishoni Akoth asimkamate mtu. Apeleke anachojua kwa Nyar Seme, waende kituoni pamoja, na sajini achukue hatua. Mtoto anayemfuata mwizi peke yake usiku ni ajali inayosubiri kuigwa, na wahariri wa vitabu vya shule wataikata hata kama imeandikwa vizuri. Ukitaka mhalifu awe mtoto, soma kwanza Sheria ya Watoto ya 2022: aliye chini ya miaka kumi na miwili hawajibiki kwa kosa la jinai, kwa hiyo mwisho wa kupelekwa kortini hautakuwepo.

Kuna mhusika mmoja wa magharibi mwa Kenya ambaye kila mwandishi anatamani kumtumia: jajuok, yule anayekimbia usiku na kutupa mawe kwenye mabati. Mtumie, kwa kipimo. Ni kivuli kizuri cha kupotosha, kwa sababu watu watakaosikia hatua usiku watajifungia ndani badala ya kuchungulia, na hivyo kuna maelezo ya kwa nini mtaa mzima haukuona kitu. Lakini lazima awe mtu mwenye miguu. Hata Knox aliweka nguvu za kimazingaombwe nje ya mlango. Katika kisa chetu hatua zilizosikika zilikuwa za Mama Vero akiwahi Obunga, na yeye ndiye atakayecheka zaidi akiambiwa.

Karatasi ya saa

Chora jedwali kwenye karatasi kubwa. Upande wa kushoto majina kumi na mawili, juu saa: kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi. Kwa kalamu ya wino andika kila mtu alikuwa wapi kweli. Kwa penseli andika anachodai. Pale wino na penseli visipokubaliana pana uongo, na ukihesabu unataka uongo wa watu wanne au watano. Wawili ni wachache; mwizi ataonekana. Wanane, na msomaji ataacha kumwamini yeyote na kukoma kufikiri.

Kisha pitia kila uongo na utafute kwenye jedwali hilo hilo ni nani, au kitu gani, kinauvunja. Uongo wa Oti unavunjwa na nyavu mbichi. Wa Yona, na watu wa matanga. Wa Gor, na giza. Uongo usio na wa kuuvunja ufute au uongeze shahidi, na shahidi aliyeongezwa naye ajibu maswali mawili ya mwanzo. Kinachoharibika zaidi hapa ni muda wa safari: mwandishi anamtoa mtu Dunga na kumfikisha Kondele kwa dakika tano saa kumi alfajiri bila kusema amepanda nini. Tembea njia hiyo, au muulize mwendeshaji boda.

Mswada ukiisha, tafuta mwalimu wa Gredi ya 6 akusomee darasani kwa sauti, asimame sura moja kabla ya mwizi kutajwa, na kila mtoto aandike jina moja kwenye kikaratasi. Darasa zima likiandika Gor, kidokezo kimoja kimekaa wazi mno, na mara nyingi ni kile cha mwisho. Kirudishe sura mbili nyuma. Asipoandikwa na yeyote, hukumpa nafasi ya kutosha mwanzoni, au umemfanya mwema mno mpaka watoto hawathubutu kumshuku. Theluthi moja ya darasa ikimpata, na wengine wakabishana kati ya Oti, Rasto na Yona, peleka kwa mchapishaji.